Chapa ya Ngamia na Jina la Mchoraji

Msomaji, kama hujapata kufika katika soko la mifugo la Garissa, fika siku moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Utaona ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, na madalali wakipandisha na kushusha bei kwa maneno matamu na machungu. Usitazame wingi peke yake. Mkaribie ngamia mmoja, umwangalie shingoni, shavuni au pajani. Huenda ukaona alama iliyochomwa kwa moto. Wasomali huiita sumad. Alama hiyo haimnenepeshi ngamia wala haimwongezei maziwa. Kazi yake ni kusema ngamia huyu ni wa nani na ametoka kwa watu gani. Ngamia aliyefutwa chapa hapati mnunuzi mwema, hupata maswali.

Nimeanza na ngamia, ingawa nakusudia kusema juu ya vibonzo, kwa sababu ngamia ndiye aliyenifundisha somo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa ualimu mjini Garissa namna ya kutumia picha darasani. Nilikuwa nimepokea katika simu yangu kibonzo kizuri chenye visanduku vitatu. Katika cha kwanza mheshimiwa mmoja aliwaahidi wanakijiji kisima. Katika cha pili alikata utepe huku watu wakipiga makofi. Katika cha tatu mama mmoja aliteremsha ndoo kisimani, ikapanda imejaa vumbi. Nilikipenda, nikakichapa, na kwa kuwa karatasi ilikuwa ndogo nilipunguza kingo zake kwa mkasi. Ukingo mmoja ulikuwa na mwandiko mdogo, ambao nusu yake ilikuwa imekwisha kukatwa na mtu mwingine kabla yangu. Nami nikaikata nusu iliyobaki.

Somo lilikwenda vizuri. Wanafunzi walicheka, wakajadiliana, wakamlaumu mheshimiwa. Mwishoni kijana mmoja, mtoto wa wafugaji, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ngamia huyu ni wa nani?" Nilidhani amechanganya maneno. Akakionyesha kibonzo kwa kidole. Nikamjibu kwamba kimetoka katika simu.

"Simu haichori, Mwalimu," akasema.

Darasa zima lilicheka, na aliyechekwa hakuwa yeye. Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya watu wanaochora vibonzo bila mwajiri, na juu ya sisi tunaovisoma bila malipo. Neno langu katika insha hii ni hili: kibonzo ni kazi kama kazi nyingine za sanaa, kwa hiyo chastahili kusomwa kwa makini, kupimwa kwa haki, na kutajwa pamoja na jina la mwenyewe. Anayemnyima mchoraji jina lake humnyima chakula chake, na mara nyingi hujinyima mwenyewe maana ya alichokisoma.

Mchora vibonzo huru ni nani? Ni mtu achoraye hadithi kwa picha na maneno, kisha akazitoa yeye mwenyewe katika intaneti, bila gazeti la kumwajiri wala mchapishaji wa kumlipa. Ili umjue vema, yafaa kwanza uwajue waliomtangulia. Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, na wasomaji wa Taifa Leo walimfuata mhusika huyo kwa muda mrefu kama watu wafuatavyo habari za jirani yao. Mwaka 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha mjini Nairobi jarida la mzaha liitwalo Joe, likawapa nafasi wachoraji na waandishi mpaka lilipokoma mwaka 1979. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeifanya Nairobi kuwa makao yake, alibuni Akokhan, hadithi ya nguvu za ajabu iliyosomwa mbali na Kenya. Odoi alifariki mwezi wa Aprili 2012 katika ajali ya matatu. Litafakari jambo hilo: mtu ambaye kazi yake ilivuka mipaka ya nchi nyingi alikuwa abiria wa matatu kama mimi na wewe. Sifa ilisafiri mbali, lakini mwenye sifa alisafiri kwa nauli ileile yetu.

Gazeti lilimpa mchoraji mambo matatu: mshahara, mhariri na ngao. Lakini kamba iliyomfunga mchoraji na mshahara ilimfunga pia na hofu za mwenye gazeti. Godfrey Mwampembwa, Mtanzania ajulikanaye kwa jina la Gado, alianza kazi katika gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, akawa mchoraji mashuhuri wa eneo zima. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilichapisha kibonzo chake juu ya Rais Jakaya Kikwete, na mwezi huohuo serikali ya Tanzania ikalipiga marufuku gazeti hilo. Gado akapewa likizo ndefu, na mwaka 2016 mkataba wake haukurefushwa. Mambo yalifuatana hivyo, nawe msomaji waweza kuyapima. Ikiwa mchoraji mwenye jina kubwa kama lile aliweza kukikosa kiti chake, si ajabu kwamba vijana wengi wameona heri wakae chini pasipo kiti.

Hapo ndipo intaneti ilipofungua mlango. Mfano ulio karibu nasi hapa Kaskazini Mashariki ni wa Amin Amir, mchoraji wa Kisomali aishiye Kanada, ambaye kwa miaka mingi amechapisha vibonzo vyake katika tovuti yake mwenyewe, Amin Arts. Yeye huchora akiwa katika nchi ya theluji, na kijana wa Garissa akamsoma chini ya mgunga. Wala hakuna gazeti linalosimama katikati yao. Fikiri maana ya jambo hilo kwa lugha ya Kisomali, ambayo ilipata mwandiko wake rasmi wa herufi za Kilatini mwaka 1972. Kijana wetu aliyesomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza huenda anakisema Kisomali vizuri zaidi kuliko anavyokisoma. Picha humshika mkono: akikwama katika neno, uso wa mtu aliyechorwa humfasiria.

Nguvu ya Amin Amir, kwa maoni yangu, imo katika kuwatazama watu wake kwa karibu. Siasa za ukoo, mirungi, uongozi mbaya na safari za hatari za vijana wanaokwenda kutafuta maisha ng'ambo ni mambo ambayo mhubiri huyasema kwa saa nzima. Mchoraji huyasema kwa tumbo la kiongozi na mbavu za raia. Upungufu uko pia, nao si wake peke yake. Kibonzo kilichochorwa kwa ajili ya habari ya leo hufa pamoja na habari hiyo. Ukikifungua baada ya miaka 10, ukakuta wanasiasa watano usiowajua, utatazama kama mgeni aliyeingia arusini bila kumjua bibi wala bwana. Vibonzo vinavyodumu ni vile ambavyo, nyuma ya jina la mtu, vimechora tabia ya mtu. Majina hubadilika, lakini ulafi haujapata kubadilika.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana wengi hudhani kwamba kuchora ni mchezo. Kisanduku ukisomacho kwa nukta tano kimeanza kama wazo, na wazo halina saa. Mchoraji hulitafuta akiwa sokoni, akiwa hospitalini, akiwa amelala. Akilipata, huandika maneno ya wahusika, kisha huyapunguza, maana nafasi ya maneno ni ndogo. Huchora rasimu kwa penseli, au kwa kalamu ya kielektroniki juu ya tableti. Hupitisha wino, hutia rangi, huandika maneno katika viputo, halafu hukagua herufi moja moja. Katika gazeti kazi nyingine hufanywa na wenzake. Mchoraji huru ni mwandishi, mchoraji, mhariri, mpiga chapa na mchuuzi. Umeme ukikatika, yeye hana kazi. Kifurushi cha intaneti kikimwishia, hana soko. Akiugua malaria wiki moja, wasomaji humsahau, kwa kuwa msomaji wa simu ana subira fupi.

Na pato lake latoka wapi? Wengine huweka matangazo ya biashara katika tovuti zao. Wengine hupokea kazi za kuchorea mashirika mabango na vitabu vya afya, kisha hutumia usiku kuchora hadithi zao wenyewe. Wengine hukusanya vibonzo vyao wakatoa kitabu. Tangu mwaka 2013, ilipoanzishwa huduma ya Patreon nchini Marekani, wachoraji wa nchi mbalimbali wameweza kupokea mchango mdogo wa kila mwezi kutoka kwa wasomaji wao. Sisi Wakenya tumekuwa na M-Pesa tangu mwaka 2007, kwa hiyo njia ya kumfikishia mtu shilingi 50 hatukuikosa. Tulichokosa ni desturi. Tumejifunza kumtumia mama pesa kijijini, na kumchangia jirani aliyefiwa. Hatujajifunza kumtumia chochote mtu aliyetuchekesha asubuhi na kutufikirisha jioni.

Kutokuwa na mwajiri kuna hatari nyingine pia, nayo ni ya kukosa ngao. Desemba 2024 kijana Gideon Kibet, aliyejulikana katika mitandao kwa jina la Kibet Bull kwa sababu ya picha zake za vivuli zilizomkejeli Rais wa Kenya, alitekwa nyara, akaachiliwa Januari 2025. Naweza kukubali kwamba mzaha fulani ni mkali kupita kiasi, nikaupinga kwa hoja. Lakini mzaha hujibiwa kwa mzaha au kwa hoja au mbele ya hakimu. Haujibiwi kwa kumchukua mtu barabarani. Msomaji, mchoraji wa gazeti akitoweka, mhariri wake atauliza yuko wapi. Mchoraji huru akitoweka, ni nani mwingine wa kuuliza kama si wasomaji wake? Nao watauliza vipi, ikiwa hata jina lake hawalijui?

Huenda ukasema kwamba namsifu mno mchoraji huru. La, anazo kasoro zake, na mhakiki hana budi kuzitaja. Asiyekuwa na mhariri hana wa kumwambia, "Hiki bado." Kwa hiyo wengi hutoa kazi mbichi. Wapo wanaochora kabila zima kwa pua moja, au mwanamke kila siku kwa ulimi mrefu, na kicheko wanachokipata ni cha bei rahisi. Wapo wanaoanza hadithi ndefu, wakatuacha tumekaa njia panda na shujaa amening'inia juu ya mto Tana, wala hawarudi tena. Uhuru bila nidhamu ni mtumbwi bila kafi. Mchoraji asiye na mhariri sharti amfuge mhariri ndani ya kifua chake, ampe chakula, na amtii hata anaposema maneno yasiyopendeza.

Basi utakipimaje kibonzo? Nakupa maswali matatu. La kwanza: je, picha na maneno vinafanya kazi mbili au moja? Ikiwa maneno yanasema, "Mzee analia," na picha inaonyesha mzee analia, mmoja wao ni mvivu. La pili: ni nini kimetokea katikati ya visanduku? Katika nafasi ile nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku, msomaji ndiye anayetenda. Mchoraji akionyesha panga limeinuliwa, kisha akaonyesha kunguru wakiruka, pigo umelipiga wewe katika akili yako. La tatu: je, kibonzo kinalijua jani kilichochorwa juu yake? Gazeti ni pana kama mkeka, na jicho huona visanduku vyote kwa mara moja. Simu ni nyembamba. Wakorea walilitambua hilo mapema. Huduma ya vibonzo ya Naver Webtoon, iliyoanza mwaka 2004, ilieneza mtindo wa visanduku vinavyoshuka kwenda chini. Kusoma kwa namna hiyo ni kama kuteremsha ndoo katika kisima kirefu: huoni maji mpaka kamba imekwisha. Mchoraji anayeijua kamba hiyo huficha mshangao wake chini kabisa.

Nakumbuka swali ambalo wanafunzi hupenda kuniuliza: "Mwalimu, mchoraji mwenyewe ameitoa kazi yake bure. Nikiikata na kuisambaza nimeiba nini?" Mwanamke auzaye maziwa ya ngamia hukuonjesha kidogo kiganjani, nawe hulipi. Lakini hakukupa ruhusa ya kulibeba dumu lake, ukafuta alama yake, ukalipeleka upande wa pili wa soko. Kuonja ni bure ili umjue mwenye maziwa. Ukimficha mwenye maziwa, umeharibu sababu yenyewe ya kuonjeshwa.

Wala jambo hili halikuletwa kwetu na wageni. Katika mila ya ushairi wa Kisomali, anayelighani shairi la mwingine hutazamiwa amtaje kwanza mtungaji, kisha alihifadhi bila kulibadili. Hapakuwa na karatasi wala mahakama, lakini aliyejitwalia shairi la mtu aliaibika mbele ya watu waliokaa kumsikiliza. Huko pwani nako washairi wengi wa Kiswahili walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, ili jina lisafiri pamoja na utungo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imesema tu kwa lugha ya serikali yale ambayo wazee waliyajua: kazi ya sanaa ina mwenyewe, naye ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya. Kwa sheria hiyo haki ya mchoraji hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni ajabu kwamba sisi wajukuu wa watu waliolinda jina la mshairi kwa kumbukumbu tu, tunashindwa kulilinda jina la mchoraji, nalo limeandikwa mbele ya macho yetu.

Kwa hiyo nakuusia mambo machache, msomaji. Ukipokea kibonzo, tafuta jina kabla ya kucheka. Ukikituma kwa rafiki, kitume kizima. Ukikipenda, nenda katika tovuti au ukurasa wa mchoraji mwenyewe, maana kila anayefika huko ni ushahidi mbele ya mwenye matangazo kwamba mtu huyo anasomwa. Ukiwa na shilingi ya ziada, nunua kitabu chake. Usipokuwa nayo, mwandikie maneno mawili ya uhakiki wa kweli, la kusifu na la kukosoa, maana mtu afanyaye kazi peke yake chumbani ana njaa ya mambo zaidi ya chakula. Na wewe uliye na kipaji cha kuchora, uliyejaza pambizo za daftari lako la Hisabati nyuso za walimu wako, anza kutia sahihi yako tangu leo, na uchore kazi ambayo hutaona haya kuitilia sahihi.

Nimebakiwa na ungamo moja. Baada ya somo lile nilijaribu kumtafuta mwenye kile kibonzo cha kisima. Jioni tatu niliwauliza marafiki walionitumia, nao wakawauliza waliowatumia. Hatimaye nilipata nakala ya zamani zaidi, nikagundua jambo lililonitia haya. Kibonzo kile kilikuwa na visanduku vinne. Cha nne kilikuwa kimekatwa kabla hakijanifikia. Ndani yake ilikuwa siku ya uchaguzi: wanakijiji walewale, na yule mama mwenye ndoo ya vumbi akiwa wa kwanza katika mstari, walikuwa wakimpigia kura mheshimiwa yuleyule, naye ameshika mkononi utepe mpya.

Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kibonzo kinachomlaumu kiongozi peke yake. Mchoraji alikuwa amechora kibonzo kinachotuuliza sisi. Mkasi ulioondoa jina ulikuwa umeondoa pia lile swali, nami sikujua kwamba kitu kimepungua. Nilikipeleka kisanduku cha nne darasani, tukakisoma upya, na safari hii hapakuwa na kicheko kingi.

Jina sikulipata. Katika nakala ile ya zamani pia ukingo ulikuwa umekatwa, zikabaki herufi mbili na mkia wa ya tatu. Kila mwaka nikifundisha somo hilo huibandika karatasi ubaoni, nikawaonyesha wanafunzi zile herufi mbili, nikawaambia kwamba ngamia huyu ana mwenyewe na kwamba mimi ni mmoja wa waliomfuta chapa. Kijana yule aliyeniuliza swali sasa ni mwalimu mwenzangu. Tukikutana huniuliza kama nimempata mwenye ngamia, nami humjibu kwamba bado namtafuta.